Podikasti ya papo hapo kwa simu yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Natengeneza podikasti fupi za sauti za mjini, nyingi nikizirekodi soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kabla jua halijawa kali. Chombo changu ni simu. Watu wakiniona nimeinyoosha mbele ya dalali huja kuuliza, na kwa kuwa maswali ni yaleyale, nimeona niyaandike hapa pamoja na majibu. Sikuyapanga kwa umuhimu. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili kwa sababu hayahitaji zaidi.

Podikasti ya papo hapo ndiyo ipi?

Ni kipindi unachokirekodi, ukakikata kichwa na mkia, ukakipandisha mtandaoni siku hiyohiyo, mara nyingi hata hujaondoka mahali ulipokirekodia. Mnada wa samaki aina ya changu unapigwa alfajiri. Ikifika saa mbili asubuhi mtu aliyeko Mwanza ameshausikia akiwa kwenye daladala. Hakuna muziki wa kufungulia, hakuna mtangazaji wa pili, hakuna siku nne za kuhariri. Ukiyataka hayo yote, sawa, lakini hiyo ni kazi nyingine na ina watu wake.

Sasa ina tofauti gani na voisi noti ya WhatsApp?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu wengi wanaouliza tayari ni watengenezaji wa podikasti bila kujijua. Mtu anatuma voisi noti ya dakika saba kwenye grupu la ukoo, anasimulia msiba ulivyokwenda, anaiga sauti ya mjomba, watu wanacheka na kulia. Kipindi kizuri kabisa. Baada ya wiki tatu kitafute: kimezama chini ya picha za harusi na salamu za Ijumaa. Aliyejiunga na grupu jana hakioni. Simu ikiibiwa na hukuwa na nakala, imetoka.

Podikasti ina kitu ambacho voisi noti haina, nacho ni mlisho wa RSS. Usiogope jina. Ni faili dogo la maandishi lililoko mtandaoni, limeorodhesha vipindi vyako, tarehe zake, na mahali sauti ya kila kipindi ilipo. Programu ya msikilizaji inalichungulia faili hilo mara kwa mara. Ikikuta kipindi kipya, inamletea mwenyewe bila wewe kumtumia chochote. Uwezo wa mlisho kubeba sauti uliwekwa na Mmarekani Dave Winer mwishoni mwa mwaka 2000, na mpaka leo ndio uti wa mgongo wa podikasti nyingi, iwe ya shirika kubwa la habari au yako ya uani.

Mimi natumia vyote viwili. Kipindi kamili kinakaa kwenye mlisho, halafu nakata sekunde arobaini tamu, nazirusha kwenye magrupu na linki chini yake. Voisi noti inapiga hodi, linki inawakaribisha ndani.

Jina lenyewe limetoka wapi?

Mwandishi Ben Hammersley alilitumia kwenye gazeti la Guardian la Uingereza mwezi Februari 2004, akiunganisha iPod, kile kifaa cha Apple cha kusikilizia muziki, na neno la Kiingereza la utangazaji, broadcast. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, Apple wakaziingiza podikasti kwenye iTunes, programu yao ya muziki, na jina likashika. iPod yenyewe iliacha kutengenezwa mwaka 2022. Wapo wanaoandika podkasti, wapo wa podikasti. Mimi ni wa podikasti na sigombani na mtu.

Simu yangu ni ya bei ya chini. Itafaa?

Itafaa. Nimesikia rekodi safi kutoka simu ya bei ya mfuko mmoja wa saruji na nyingine mbovu kutoka simu ya bei ya pikipiki, na tofauti haikuwa simu. Ilikuwa umbali wa mdomo, chumba, na kidole.

Ndiyo, kidole. Geuza simu uitazame chini, karibu na tundu la chaji. Utaona kitundu kidogo kama kimechomwa sindano: hiyo ndiyo maiki. Sasa angalia unavyoishika simu ukiwa unaongea. Nusu ya watu niliowahi kuwafundisha walikuwa wameziba tundu hilo kwa kidole cha mwisho au kwa kava. Simu nyingi zina tundu la pili juu, la kusaidia kupunguza kelele. Hilo nalo liachie lipumue.

Umbali ni shubiri moja, kama sentimita ishirini. Ukisogea zaidi ya hapo, chumba kinaanza kusikika kuliko wewe. Ukikaribia mno, herufi P na B zinapuliza kwenye maiki na kutoa mshindo. Dawa yake ni kutoielekeza simu moja kwa moja mdomoni. Iweke pembeni kidogo, kama usawa wa shavu. Jipime kwa kusema: “Bibi wa Pemba alipika papa, pweza na pilipili boga.” Isikilize kwa hedifoni. Ikiwa kila P inasikika kama mlango uliobamizwa, sogeza simu pembeni kidogo, urudie.

Na mwenye kitochi?

Anaweza kurekodi, lakini ajue kinachopotea. Simu nyingi za vitufe zinahifadhi sauti kwa mfumo wa AMR, uliotengenezwa kwa ajili ya maongezi ya simu. Unachukua sampuli 8,000 tu kwa sekunde, hivyo sauti zote nyembamba zinakatwa. Ndiyo maana kwenye rekodi ya namna hiyo “suka” na “fuka” zinakaribia kuwa neno moja. Kwa ushuhuda wa mzee wa dakika mbili inatosha, na wakati mwingine ule mkwaruzo wake unapendeza. Kwa kipindi cha nusu saa utamchosha msikilizaji bila yeye kujua kwa nini amechoka.

Nimepanga chumba kimoja, jirani ana redio, nje kuna bodaboda. Nirekodie wapi?

Adui wa kwanza ni mwangwi, kelele zinafuata. Chumba chenye kuta tupu na sakafu ya saruji kinairudisha sauti yako, na ikisharudi hakuna programu itakayoitoa vizuri. Vitu laini vinaimeza: godoro, mapazia mazito, nguo. Simama mbele ya kabati la nguo lililo wazi na uongee ukilielekea. Huna kabati? Simamisha godoro ukutani. Huna nafasi hata ya hilo? Jifunike kanga mbili kichwani pamoja na simu yako, kama mtu anayejifukiza. Utatoka jasho. Mke wangu aliponikuta hivyo mara ya kwanza aliniuliza kama nina mafua.

Gari lililoegeshwa, vioo vimepandishwa na injini imezimwa, ni studio nzuri kuliko ofisi nyingi: viti vya kitambaa, dari laini, kuta zisizolingana. Kama una rafiki mwenye gari, mwombe dakika kumi.

Epuka bafu na jiko. Epuka pia kukaa katikati kabisa ya chumba. Mvua ikianza kupiga mabati, weka simu mfukoni ukanywe chai. Hakuna ujanja hapo. Jogoo na adhana haviharibu kitu kwenye podikasti ya papo hapo, vinamwambia msikilizaji ni saa ngapi. Kinachosumbua ni friji, kwa sababu masikio yako yameizoea na hayaisikii, lakini maiki inaisikia kila sekunde. Izime ukianza. Weka funguo za nyumba ndani ya friji ili usije ukasahau kuiwasha. Huwezi kutoka nyumbani bila kuifungua.

Na sokoni penyewe, kwenye kelele zote zile, unapataje sauti safi?

Sitafuti sauti safi. Natafuta sauti inayoeleweka, na hapo pana kazi.

Ukisimama katikati ya mnada na kurekodi kila kitu, utapata uji. Masikio ya mtu aliyeko pale yanachagua: yanamsikiliza dalali, yanamwacha muuza kahawa. Maiki haichagui. Kwa hiyo inabidi umchagulie msikilizaji kwa miguu yako. Mimi narekodi vipande vitatu. Cha kwanza, nasimama mbali, mgongo ukutani, nachukua sekunde thelathini za soko zima: ndoo zinagongana, watu wanaitana, baiskeli inapiga kengele. Cha pili, nakaribia kitu kimoja kabisa. Mfano wanaopara samaki: simu nusu mita kutoka kwenye kisu, unasikia magamba yanavyoruka, krrr, krrr, na maji yakimwagwa kwenye sakafu. Wanaokaanga nao ni hazina, pale samaki mbichi anapogusa mafuta. Cha tatu ni mtu, shubiri moja kutoka mdomoni, akiwa ameyapa kisogo makelele.

Hapo kwenye kisogo ndipo wengi wanapokosea. Wanamgeuza mhojiwa aelekee mnada ili “mandhari yaingie”, kisha wao wanaelekeza maiki kwake na mnada ukiwa nyuma yao. Mwambie asimame kinyume. Mwili wake uzuie kelele, na maiki ielekee kwake.

Ukimaliza, kabla hujaondoka, rekodi sekunde thelathini za mahali hapo bila mtu kuongea. Utazishukuru nyumbani ukikata neno katikati na kukuta shimo la kimya ambalo kila msikilizaji atalisikia. Unaliziba kwa kelele ileile ya mahali palepale.

Upepo unaharibu kila kitu ufukweni. Kuna dawa?

Soksi safi ya mtoto, ivishe sehemu ya chini ya simu. Au kipande cha sponji. Upepo ukiwa mkali zaidi ya hapo, nenda nyuma ya mashua, nyuma ya ukuta, nyuma ya mtu mnene.

Mtu akipiga simu katikati ya kurekodi?

Kwenye simu nyingi rekodi inasimama, na baadhi hazikuambii kuwa imesimama. Nilimhoji mzee mmoja fundi wa majahazi kwa dakika ishirini na kitu. Alinieleza namna ya kuziba nafasi za mbao kwa pamba na mafuta ili maji yasipenye, akaimba hadi wimbo wanaouimba wakati wa kushua chombo. Nyumbani nikakuta dakika nne. Kampuni moja ya matangazo ilikuwa imenipigia dakika ya nne, nikaikata bila kuangalia, nikaendelea kutikisa kichwa mbele ya mzee kama mtu mwenye akili zake. Nilirudi kumwomba arudie. Alisimulia, lakini wimbo aligoma.

Weka hali ya ndege kabla ya kila rekodi. Faida ya pili ni kwamba ule mlio wa ti-ti-ti-tii unaoletwa na mtandao ukiwa karibu na nyaya za maiki unatoweka. Angalia pia nafasi kwenye kumbukumbu na chaji. Na kila baada ya dakika chache itupie jicho ile namba ya sekunde kwenye kioo: inatembea?

Nitumie programu gani kurekodi na kukata?

Kurekodi: ile iliyokuja na simu yako. Kwenye iPhone ni Voice Memos. Android nyingi zina kinasa sauti chake. Fungua mipangilio, tafuta ubora, uweke juu kabisa. Baadhi zina kitufe cha kupunguza kelele. Kwenye mahojiano ya sokoni mimi nakizima, kwa sababu kinakula mwisho wa maneno.

Kukata: kwa Android, Lexis Audio Editor inatosha kwa kukata, kuunganisha na kupandisha sauti. Ukiwa na kompyuta, Audacity ni ya bure na imekuwepo tangu mwaka 2000. Kwa podikasti ya papo hapo nafanya mambo matatu tu: naondoa “ee, haya, tunarekodi?” ya mwanzoni, naondoa kukohoa kwa mwishoni, nasawazisha sauti ili msikilizaji asiongeze na kupunguza. Apple wanapendekeza kiwango cha −16 LKFS, ambacho ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Baadhi ya programu za kuhariri zinakifikia zenyewe. Kigugumizi cha mtu usikikate chote. Mtu akinyamaza akitafuta jina la marehemu nduguye, ule ukimya ndio kipindi.

MP3, M4A, WAV, OPUS: nichague ipi? Na bando litakwisha?

Hizo ni aina za mafaili ya sauti, na hesabu yenyewe ni hii. WAV ya maiki moja (mono) kwa ubora wa CD inakula kama MB 5.3 kwa dakika. MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, maiki moja, inakula MB 0.48. Yaani kipindi cha dakika kumi ni MB 53 kwa WAV, au MB 4.8 kwa MP3. Kwa sauti ya mtu anayeongea, msikilizaji wa hedifoni za kawaida hatatofautisha.

Kwa hiyo rekodi kwa WAV au M4A kama simu inaruhusu, hifadhi hiyo kama nakala mama, kisha pandisha MP3 ya 64, maiki moja. Usiweke stereo, unalipia sauti ileile mara mbili.

Kuhusu bando: wewe unalipa kupandisha mara moja. Wasikilizaji mia wakikushusha, kila mmoja analipa MB 4.8 zake kwa bando lake. Ndiyo maana nasisitiza faili liwe dogo. Anayesikiliza kwa vocha ya jero ana haki ya kukuacha ukimletea kipindi cha MB 50.

OPUS ndiyo aina ya faili la voisi noti za WhatsApp. Ni mfumo mzuri sana, lakini Apple wanataka MP3 au M4A, hivyo libadilishe kwanza kwenye programu yako ya kuhariri.

Nikishamaliza, naipandisha wapi bila kulipa?

Unahitaji mahali ambapo faili lako litakaa na kukutengenezea ule mlisho wa RSS. Spotify for Creators ni ya bure na inatumika kwenye simu. Ukipata mlisho, unaupeleka mara moja Apple Podcasts na kwingineko; baada ya hapo kila kipindi kipya kinafika chenyewe. Kwa nakala ya kudumu ya sauti zenye thamani, kama masimulizi ya wazee, napandisha pia Internet Archive, maktaba ya mtandaoni isiyo ya biashara.

Lakini usipaamini pa bure kwa moyo wote. Audioboo ilianza London mwaka 2009, ukibonyeza simu unarekodi na kurusha hapohapo. Mwaka 2014 ikabadili jina na baadaye ikageukia biashara ya podikasti kubwa. Anchor ilianza New York mwaka 2016 kwa ndoto hiyohiyo; Spotify wakainunua mwaka 2019, na jina limeshabadilika zaidi ya mara moja. Google Podcasts ilifungwa mwaka 2024. Hata Twitter ilizaliwa mwaka 2006 ndani ya Odeo, kampuni ya podikasti iliyokuwa inatafuta pa kutokea baada ya Apple kuingia uwanjani. Majukwaa yanahama, kwa hiyo mafaili yako yakae kwako: kwenye memori kadi moja ndani ya simu, na nyingine ndani ya droo nyumbani.

Mama yangu hana programu ya podikasti wala hataki kuisikia. Atanisikiaje?

Mtumie linki ya kipindi chenyewe, isiwe ya ukurasa mzima, aibonyeze isikike kwenye kivinjari. Ikishindikana, mtumie faili la MP3 kwenye WhatsApp kama hati. Na kama yuko kijijini mtandao unakuja na kuondoka, mjukuu amhamishie kwa Bluetooth, au amwekee vipindi ishirini kwenye memori kadi na kumchomekea kwenye redio ndogo yenye tundu la kadi. Redio hizo ziko kila soko. Mama mkwe wangu anamiliki moja. Ananisikiliza akichambua mchele na hajui kama hiyo inaitwa podikasti. Anaita “ile redio ya mkwe”.

Kipindi kiwe na urefu gani?

Kiishe kabla hakijakuchosha wewe uliyekirekodi. Vyangu vinaangukia kati ya dakika nne na tisa.

Shangazi yangu yuko Muscat. Nawezaje kumhoji bila sauti kukatikakatika?

Usirekodi simu yenyewe. Maongezi ya mtandaoni yanabanwa na kukatwa, na kwenye simu nyingi maiki ikishatumika na maongezi, kinasa sauti hakipati kitu. Njia ya kwanza: mnaongea kwa simu moja masikioni, na kila mmoja anajirekodi kwa simu ya pili mbele yake. Mwanzoni mnahesabu moja, mbili, tatu, kisha kila mmoja anapiga kofi. Ukija kuhariri unaoanisha yale makofi mawili, na maongezi yote yanakaa sawa, kila sauti safi kama vile mlikuwa meza moja. Naye anakutumia faili lake kama hati, ili lisibanwe tena.

Njia ya pili ni rahisi zaidi na kwa wazee mimi naipendelea. Tuma swali moja kwa voisi noti. Ajibu kwa voisi noti kwa wakati wake. Shangazi yangu mimi nilimtumia maswali manne kuhusu safari yake ya kwanza kwa meli kutoka Unguja. Alijibu matatu jioni ileile, la nne alilijibu baada ya siku mbili, saa saba usiku, na hilo ndilo lililokuwa kipindi. Kumbuka tu kumwomba azime kiyoyozi kwa dakika hizo. Huko Ghuba kiyoyozi hakizimwi, wenyewe hawakisikii tena, na rekodi nzima inavuma kama ndani ya ndege. “Unataka nife kwa ajili ya redio yako, mwanangu?” aliniuliza. Akakizima.

Naweza kuweka Bongo Fleva sekunde kumi mwanzoni? Nimesikia chini ya sekunde thelathini ni ruksa.

Umesikia vibaya, na si wewe peke yako. Hakuna sekunde za ofa. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya ina yake ya mwaka 2001, na zote mbili zinamlinda mwenye wimbo. Mbali na sheria, majukwaa yenyewe yana mashine za kuutambua wimbo na kukifuta kipindi chako.

Na kwa kweli huuhitaji. Mlango wangu ni kengele ya baiskeli ya mchuuzi mmoja, sekunde tatu, niliyoirekodi mwenyewe kwa ruhusa yake. Watu wanaitambua. Tafuta yako: mchi kwenye kinu, kijana anayepiga ndoo, honi ya pantoni.

Lazima niombe ruhusa kwa ninayemrekodi?

Kwangu mimi ni lazima, na iwe ndani ya rekodi. Nabonyeza, nasema: “Shikamoo mzee, nakurekodi kwa simu, nitaweka mtandaoni watu wasikie. Umeridhia?” Jibu lake linabaki kwenye nakala mama hata nikilikata kwenye kipindi. Angalia neno “mtandaoni”. Wapo watakaokubali kurekodiwa wakidhani ni kumbukumbu yako binafsi. Nimewahi kukubaliwa na dada mmoja muuza pweza, nikamweleza tena kwamba hata watu wa mtaani kwao watasikia, akasema basi. Nikafuta mbele yake akiona.

Sheria nayo ipo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa watoto, ongea na mzazi kwanza. Kelele za jumla za soko, ambamo hakuna mtu anayetambulika, hazinisumbui.

Nahitaji leseni?

Kwa Tanzania, usipuuze. Tangu mwaka 2018 kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, zikaandikwa upya mwaka 2020, na baadhi ya huduma za maudhui zinatakiwa kuwa na leseni. Anayeweka masimulizi ya bibi yake na anayerusha habari na mambo ya siasa kila siku hawako mahali pamoja, na kanuni hizi zimekuwa zikirekebishwa. Waulize TCRA wenyewe kabla hujakua.

Nifanyeje nisiichukie sauti yangu? Nikijisikia nataka kufuta.

Kila mtu. Ukiongea, unajisikia kwa njia mbili: kupitia hewa, na kupitia mifupa ya kichwa, inayoongeza uzito wa chini. Rekodi inakuletea ile ya hewa tu, ambayo wenzako wote wameizoea tangu utotoni mwako. Sikiliza vipindi vyako kumi bila kufuta hata kimoja, karaha itapungua. Na acha kuiga sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Ongea kama unavyomwelekeza mtu njia.

Kuna hela?

Kwa dakika tano za sokoni, usitegemee. Waliofanikiwa ninaowafahamu walipata kazi nyingine kwa sababu ya podikasti: kurekodi harusi, kuandaa matangazo ya duka, kufundisha.

Nimekosea jina la mtu na kipindi kimeshasambaa. Nifanyeje?

Jukwaa litakuruhusu kubadilisha faili na kuweka lililosahihishwa palepale, linki isibadilike. Fanya hivyo haraka. Ila walioshusha la kwanza wanalo, na lililotumwa kwenye magrupu halirudi. Kwa hiyo rekodi masahihisho pia, uyaweke mwanzo kabisa wa kipindi kinachofuata. Yawe mafupi: jina nililosema, jina lililo sahihi, samahani.

Mimi nilimwita dalali mmoja kwa jina la kaka yake, na kaka huyo ni mshindani wake, meza ya tatu kutoka pale. Masahihisho yangu yalichukua sekunde tisa. Kabla ya saa sita mchana aliniletea voisi noti anacheka mpaka anakohoa, nyuma yake kaka mtu anapiga kelele kwamba mteja ameshakuja kwake kwa sababu yangu na harudishi hela. Niliomba ruhusa kwa wote wawili. Ikawa kipindi cha wiki iliyofuata, dakika moja na nusu, sikukata kitu.